Nahodha na Watu Waliokuwa Majini

Ewe msomaji wa Nakuru, Njoro au Naivasha, bahari iko mbali nawe. Maji ya ziwa la Nakuru ni ya magadi. Hayapitishi manowari. Walakini reli ipitayo mjini ndiyo iliyoteremsha vijana wa Bonde la Ufa hadi Mombasa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Huko Kilindini, tangu mwaka 1942, zilitia nanga manowari za Uingereza pamoja na za Australia, kama Napier, Nizam na Norman, zikilinda njia za Bahari ya Hindi. Nataka tulitazame jambo moja lililotukia katika njia hizo, kwani swali lake ni zito, na wewe una umri wa kulijibu.

Mapema mwezi wa Februari 1944, msafara wa meli 5 za kuchukua askari uliondoka Kilindini kwenda Colombo. Katika meli iitwayo Khedive Ismail walikuwamo watu zaidi ya 1,500. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Waliosalia walikuwa mabaharia, wauguzi wa kike na wengineo. Alasiri ya tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani, I-27, iliipiga kwa topedo mbili. Haikutimia dakika ya tatu, meli ikazama, na wengi wakazama nayo wakiwa ndani.

Waliopata kutoka walielea juu ya maji. Manowari mbili za ulinzi, Petard na Paladin, zikaja, na Paladin ikateremsha mashua ili kuwaokoa. Ndipo ikafahamika kwamba nyambizi imejificha chini ya watu hao hao. Mabomu ya kuitafuta huko, yale yalipukayo ndani ya maji, hayachagui adui na rafiki. Amri ikatolewa, mabomu yakatupwa. Nyambizi ikalazimika kupanda juu, na baada ya mapambano marefu Petard ikaizamisha kwa topedo. Katika watu wote wa Khedive Ismail waliookoka ni 214 tu. Majina ya askari wa kikosi kile yamo katika ukumbusho ulioko makaburi ya vita ya Nairobi, nalo jiwe halitengi waliouawa na adui na waliouawa na walinzi wao.

Je, amri ile ilikuwa ya haki? Wengi watajibu upesi: heri wachache wafe, wengi wapone. Hesabu hii siidharau. I-27 haikuwa ngeni katika kuua. Mwezi wa Juni 1942 iliizamisha meli ya mizigo Iron Crown pwani ya Australia, wakafa watu 38 kati ya 43. Ingaliachwa, yamkini ingaliua tena. Lakini angalia vema: meli 4 zilizosalia zilikuwa zikienda zao. Basi waliookolewa na mabomu yale walikuwa watu wa kesho, wasio na sura wala jina, na waliouawa walikuwa mbele ya macho.

Mimi naona kwamba asiyeonekana ana uzito sawa na aonekanaye. Baharia wa bandari usiyoijua naye ana mama. Hapo hesabu imenishinda, nami nakubali. Lakini kuna jambo ambalo hesabu hailijui, nalo ni ahadi. Manowari ya ulinzi, kwa jina lake tu, imekwisha ahidi. Askari aliyepandishwa melini Kilindini hakuchagua njia wala hakuulizwa habari ya vita vyenyewe. Aliambiwa kwamba atalindwa. Alikuwa na dai ambalo watu wa kesho hawakuwa nalo.

Kwa hiyo nasema nahodha alitenda lililompasa, na pia kwamba watu wale walidhulumiwa. Utasema maneno haya yanapingana. Hayapingani. Mkulima aliyeahidi gunia la mahindi kwa jirani wawili, kisha mvua ikamnyima akavuna gunia moja, atampa yule mwenye njaa zaidi, na hakuna atakayemlaumu. Hata hivyo yule wa pili bado anamdai.

Wapo pia wasemao kwamba nahodha hakuwa na hiari. La hasha! Alikuwa nayo: angaliweza kungoja mashua zimalize kazi yake, naye angalijibu kwa wakubwa wake. Kumwambia hakuwa na hiari ni kumgeuza chombo kama mabomu yake. Alichagua, na deni likabaki. Wala si lake peke yake, kwa sababu alitoa amri kwa niaba ya dola iliyowatoa vijana wale makwao. Na wadai wa deni hilo ni jamaa zao, ambao wengine wanaishi hata leo katika vijiji vyetu.