Jiwe Lililorushwa

Mwaka wa pili huu sisalimiani na rafiki yangu wa utotoni. Alikula fedha nilizompa akanichapishie hadithi yangu. Nilijiapiza kutomsamehe, mpaka nilipokutana na Spinoza vitabuni.

Baruch Spinoza alikuwa na miaka 23 tu jumuiya ya Wayahudi wa Amsterdam ilipomfukuza kwa ajili ya mawazo yake, mwaka 1656. Ikakatazwa hata kuzungumza naye. Akaishi kwa kusugua lenzi, huku akifikiri.

Kabla yake, Mfaransa Descartes, katika kitabu chake cha 1641, alikwisha kutilia shaka kila kitu: macho yake, mwili wake, hata dunia. Haukuwa ubishi wa kijiweni. Alitafuta jambo moja lisilotikisika, akalipata: ninafikiri, basi nipo. Juu ya msingi huo akajenga kwa akili, akabaki na roho upande huu na mwili upande ule.

Spinoza akasema, kama tunaiamini akili, twende nayo hadi mwisho. Kila jambo lina sababu, na sababu ina sababu yake. Mwishowe kipo kitu kimoja tu, Mungu au Maumbile. Mimi na wewe ni namna zake tu. Katika barua ya 1674 aliandika kwamba jiwe lililorushwa, lau lingekuwa na fahamu, lingedhani linakwenda kwa hiari yake. Eti ndivyo tulivyo: tunajua tunachotaka, hatujui kilichotufanya tukitake.

Hapo nikakwama. Kama rafiki yangu ni jiwe, namchukia nini? Na kama nami ni jiwe, msamaha wangu una thamani gani?

Ndipo shaka iliporudi kupiga hodi, safari hii na Mskochi David Hume. Mwaka 1748 aliuliza: huo ulazima mmeuona wapi? Mpira mmoja hugonga mwingine, nao ukaenda. Tunachokiona ni kufuatana tu. Mengine ni mazoea yetu.

Basi shaka ilizaa akili, akili ikazaa umoja, na shaka ikaja kumkagua mjukuu. Nani mshindi, sijui. Lakini, ndugu msomaji, wote watatu wamenivua hakimu niliyekuwa. Spinoza ananiambia yule alirushwa na kitu. Hume ananiambia nisijifanye nimekiona.

Na kweli, sijawahi kumwuliza. Kesho nitamgongea mlango.