Sadaka ya Siku Moja

Jumapili moja ya mwezi wa Agosti mwaka 1617, katika mji mdogo wa Châtillon nchini Ufaransa, Padre Vincent de Paul alikuwa akivaa mavazi ya Misa alipoletewa habari ya nyumba moja nje ya mji. Wote waliomo walikuwa wagonjwa, wala hapakuwa na mtu wa kuwahudumia. Aliyaeleza hayo katika mahubiri. Alasiri alipotoka kwenda kuwatazama, alikuta njia imejaa watu waliobeba vyakula, wengine wakienda na wengine wakirudi, na wanawake wameketi kando kupumzika kwa ajili ya joto.

Padre mwingine angalirudi nyumbani akimshukuru Mungu kwa mahubiri yake mazuri. Vincent alifurahi, lakini aliona kasoro. Vyakula vile vilikuwa vingi mno kwa siku moja. Sehemu ingeoza, na baada ya siku chache wagonjwa wangerudia njaa yao ya kwanza. Mapendo yalikuwapo tele. Kilichokosekana ni utaratibu.

Nakiri kwamba habari hii niliisoma seminarini nisiielewe. Katika mwaka wangu wa kwanza wa upadre, wakati wa Kwaresima, niliwaongoza Wakristu wa kigango kimoja kumpelekea bibi mjane magunia mawili ya mahindi. Tuliimba njiani, tukasali naye, tukaondoka tumeridhika. Niliporudi baada ya majuma mengi, mahindi yalikuwa palepale, yameingiliwa na fukusi. Bibi hakuwa na nguvu ya kuyapeleka mashineni, wala hakuwa na mtu wa kumtuma. Aliniuliza kwa upole, "Baba Padre, je, mtakuja tena Kwaresima ijayo?"

Wapo wasemao kwamba zamu na daftari hupoza mapendo, na kwamba sadaka njema ni ile itokayo moyoni kwa ghafula. Nami niliwaza hivyo. Lakini yatupasa kujiuliza, sadaka ya ghafula humfaa nani? Mara nyingi hutufaa sisi wenyewe, kwani hutuondolea uchungu wa moyo kwa saa moja. Njaa ya maskini haingoji mahubiri. Hurudi Jumatatu, na Jumanne tena. Na ikiwa twasadiki kweli kwamba Bwana wetu Yesu Kristu yumo ndani ya maskini, twawezaje kumlisha siku moja na kumsahau siku zilizobaki? Hakuna mama amleaye mtoto wake hivyo. Mama ana saa yake ya uji, wala hakuna amwambiaye kwamba mapendo yake yamepoa.

Kina mama wa Châtillon walilitambua hilo. Siku chache baada ya Jumapili ile waliungana chini ya Padre wao wakapeana zamu, kila mmoja na siku yake ya kupika na kuwahudumia wagonjwa. Katika kanuni walizopewa mwaka uleule limo agizo moja dogo ambalo, kwa maoni yangu, lapita mahubiri mengi, yangu yakiwamo. Mwenye zamu aanze na wagonjwa wenye watu wa kuwatazama, na walio peke yao awaweke mwisho. Msomaji aweza kushangaa: mbona mpweke ndiye asubiri? Ni kwa sababu mhudumu, akiisha kumaliza kwa wengine, hatakuwa na haraka, naye apate kukaa na huyo muda mrefu zaidi. Utaratibu ule uliyatengenezea mapendo nafasi.

Yule bibi naye alipata zamu zake. Jumuiya ndogo ya mtaa wake iligawana siku. Unga ukawa unaletwa kidogo kidogo, umekwisha kusagwa, na watoto wakamchotea maji. Mara ya mwisho nilipomtembelea hakuomba chakula. Alilalamika tu kwamba mtoto aletaye maji huondoka upesi mno.