Pishi Moja kwa Watoto Wote

Mwalimu mmoja aliniuliza neno ambalo nimelichukua moyoni siku nyingi. Alisema, "Mtihani ni kama pishi ya sokoni. Haifai mtu kuwa na pishi ya jirani na pishi ya mgeni. Mbona basi mtoto asiyeona huongezewa muda, hali wenzake wamekwisha kuambiwa waweke kalamu chini? Je, hiyo si dhuluma?" Neno hili lataka jibu la haki, wala si la huruma tu.

Kwanza tutazame mambo yalivyo. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hutungwa na Baraza la Mitihani, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1973, nao ni mmoja kwa Tanzania Bara yote, tangu Msimbati katika pwani yetu hata Bukoba. Asiyeona huletewa maswali ya nukta nundu. Mwenye uoni hafifu, na miongoni mwao wamo ndugu zetu wenye ualbino, huletewa maandishi makubwa. Tena huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine.

Sasa turudi kwenye pishi. Pishi hupima nini? Hupima nafaka; haipimi wepesi wa mkono wa amiminaye. Mtu mmoja huleta mtama wake katika ungo, akaumimina mara moja. Wa pili ameuleta katika kibuyu chenye shingo nyembamba, nao hutoka kidogo kidogo. Mpimaji mwenye haki humngoja hata punje ya mwisho, kisha hufuta juu ya pishi sawasawa kama alivyofanya kwa yule wa kwanza. Kungoja kule hakukuongeza punje hata moja. Bali angalimkatiza katikati, angalimwibia.

Ndivyo ilivyo kwa asomaye kwa vidole. Jicho hulitwaa neno zima kwa mara moja. Kidole hupapasa herufi baada ya herufi. Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni, aliitengeneza njia hiyo mwaka 1824, naye alikuwa kijana wa miaka 15. Elimu ni ile ile, ila imeingia kwa mlango mwingine.

Wako pia wazidishao upande wa pili, wasemao kwamba watoto hawa wapewe alama za bure. Hiyo nayo si haki. Ni kuijaza pishi makapi, na kumdanganya mwenyewe kwamba ana chakula ghalani. Siku ya njaa atajua.

Walakini shauri zito kuliko yote si la siku ya mtihani. Pishi haiwezi kupima mavuno ya shamba lisilopandwa. Mtoto aliyekaa miaka saba darasani bila kitabu awezacho kukisoma, dakika 20 zitamfaa nini? Shule ya wasioona ilifunguliwa Buigiri, katika Dodoma, mwaka 1950. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yampa mtoto wa namna hii haki ya kusoma pamoja na wenzake. Lakini sheria haishiki chaki. Ashikaye chaki ni mimi na wewe.

Nami naungama. Miaka michache iliyopita mama mmoja aliyehamia kijijini alimleta binti yake, asiyesikia vema, aingie darasa la sita. Nalimwambia, "Mama, darasa limejaa, uje mwakani." Darasa lilikuwa limejaa kweli, lakini sicho kilichonisemesha. Nalikuwa nahesabu wastani wa shule yetu, nikaogopa kwamba atatushusha. Mwakani hawakuja. Siku hizi nikipita pwani wakati wa maji kupwa, humwona akiokota kombe pamoja na akina mama, mwepesi wa macho kuliko wote. Mwaka ule tulisifiwa kwa matokeo mema, na mimi nalijua ni nani niliyemwacha nje ya hesabu.

Basi, ndugu uliyeniuliza, jibu langu ni hili. Pishi na iwe moja, na mfuto wake uwe mmoja. Lakini kwanza tupande kwa wote, kisha tumngoje kila mtu amalize kumimina. Dhuluma uliyokuwa ukiitafuta haimo katika dakika zile. Mimi naliiona mlangoni pa shule, nami ndiye niliyesimama pale.