TUPITE KWA NJIA YA MFALME

Masomo: Hesabu 20:14–21, Kumbukumbu la Torati 22:6–7 na 23:12–14



Vijana wa mtaa wetu wanajiandaa kwenda Serengeti. Wataingia kwa lango la Ndabaka na kulala kambini siku mbili. Wazazi wengine wameniuliza, je, safari ya kutazama wanyama yahusu nini Kanisa? Nawajibu kwamba watu wa Mungu waliishi kambini miaka arobaini, na Mungu hakuona haya kuwapa sheria za kambi. Tuzitazame tatu.

Ya kwanza: Omba ruhusa, ushike njia. Waisraeli walipofika mpakani mwa Edomu, Musa hakuingia tu. Alituma wajumbe kwa mfalme kuomba, akaahidi kwamba mashamba hayatakanyagwa, visima havitaguswa, na watu hawataiacha njia kuu hadi watoke. Wazee wa Usukuma waijua sheria hii. Huingizi ng'ombe wako katika ngitili ya mwenzio kwa sababu majani yake yamependeza. Yametunzwa kwa ajili ya kiangazi. Basi Serengeti ni Hifadhi ya Taifa tangu 1951, na Pori la Akiba la Maswa, linalopakana nayo upande wetu, liliwekwa mwaka 1962. Hizo ni ngitili za taifa zima. Huingii bila kibali, gari haliachi barabara, hushuki ovyo, wala husafiri usiku.

Hapa yanipasa kuungama. Miaka iliyopita, wakati wa masika, nilikuwa safarini humo na rafiki zangu. Tuliona simba chini ya mti, mbali kidogo na njia. Dereva alisema, "Mchungaji, huko hakuruhusiwi." Nikamwambia, "Hatua chache tu, mwanangu. Nani atatuona?" Gari lilizama katika udongo mweusi wa mbuga. Tukakata matawi kuweka chini ya magurudumu. Dhambi moja ikazaa ya pili. Askari walitukuta hapo jioni, na aliyetozwa faini ni dereva, kijana aliyenitii kwa heshima ya kola yangu. Nilimrudishia fedha. Heshima aliyoipoteza mbele ya tajiri wake sikuweza kuirudisha. Kiangazi kilichofuata nilipita mahali pale. Simba hawakuwapo, lakini nyayo za magurudumu yetu zilikuwapo, zimekauka kama tofali. Hajiri alipokuwa jangwani alitambua kwamba Mungu anamwona. Mimi, mchungaji, nilikuwa nimesahau.

Ya pili: Chukua jembe. Sisi twasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Musa hakungoja siku ya tatu! Kila mtu alipaswa kuwa na kifaa cha kuchimbia, atoke nje ya kambi, afukie uchafu wake, kwa kuwa Bwana hutembea kati ya kambi. Msicheke. Mto Simiyu na Mto Duma hupokea maji kutoka huko porini, nasi tulio chini ndio tunaoyateka. Penye choo, tumia choo. Pasipo na choo, chimba shimo mbali na maji, wala usitoke peke yako, maana simba hajui kwamba wewe ni Mkristo. Takataka zote zirudi nanyi nyumbani. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu isiwepo kabisa. Nchi yetu imeipiga marufuku tangu Juni 2019. Moto uwashwe mahali palipowekwa tu, na kabla ya kulala umwagiwe maji hata majivu yapoe mkononi.

Ya tatu: Mhurumie mama. Torati yasema aliyekuta kiota asimtwae mama pamoja na makinda. Hata mwenye njaa amewekewa mpaka; sembuse sisi tuendao kutazama tu? Nyumbu huzaa mwanzoni mwa mwaka katika nyanda za kusini. Msimsogelee mama na ndama wake, msipige redio, msimlishe mnyama yeyote. Nyani aliyezoeshwa mkate hujifunza kunyang'anya, na mara nyingi mwisho wake ni risasi.

Lakini najua neno linalonung'unikwa vijijini. "Mgeni hulala porini akaota moto, na mama yetu akikutwa na mzigo wa kuni hukamatwa. Ng'ombe wetu wakivuka mpaka, tumekwisha." Sitawaambia kwamba uchungu huo ni wa uongo. Someni tena habari ya Edomu. Mfalme alikataa, na Israeli waligeuka wakaenda njia nyingine, ingawa walikuwa wengi. Hilo ni neno kwetu: mpaka usioupenda haupingwi kwa kuuvuka usiku, bali kwa kusema mchana, katika mkutano wa kijiji na mbele ya diwani. Wenzetu wa Meatu, katika eneo la jumuiya la Makao, wameonyesha kwamba hata vijiji vyaweza kuwa wenyeji wa wanyama.

Hata hivyo nabii Amosi alimkemea Edomu kwa kumfuatia ndugu yake kwa upanga na kuitupa huruma. Hilo ni neno kwa mlinzi wa lango, na wengine wao ni waumini wa mtaa huu. Linda mpaka, ndugu yangu, lakini aliye mbele yako ni ndugu yako. Na sheria imtozayo mwanamke wa kuni imtoze pia mgeni mwenye gari, hata akiwa amevaa kola.

Vijana, nendeni kwa amani. Mkirudi nitawauliza swali moja tu: Mmeacha nini? Heri mkijibu, "Hakuna kitu, Mchungaji."

Tuombe. Ee Bwana, uliyewaongoza watu wako jangwani, tufundishe kupita katika nchi yako kama wageni wenye adabu. Utusamehe nyayo tulizoziacha, na utufikishe kwako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.