Afya ya Mtu Huanzia kwa Jamii Yake

Afya ya mtu hutegemea mengi yaliyo nje ya mwili wake: kazi anayoifanya, maji anayoyateka, ndoa aliyo nayo, imani aliyokulia, na mwendo kutoka mlangoni kwake hadi zahanati. Katika kaunti za Homa Bay na Migori, kando ya Ziwa Viktoria, ukweli huu umeandikwa katika maisha ya watu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 4.9 ya Wakenya wenye umri wa miaka 15 hadi 64 waliishi na virusi vya ukimwi. Kaunti ya Migori ilikuwa na asilimia 13, na Homa Bay asilimia 19.6. Virusi ni vilevile nchini kote. Sababu ya tofauti kubwa namna hiyo lazima itafutwe katika jinsi watu wanavyoishi.

Ya kwanza ni riziki. Omena, samaki wadogo wa ziwa hilo, huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na kwa desturi wanaume ndio wenye mashua na ndio waingiao ziwani. Wanawake husubiri ufuoni wanunue, waanike na kupeleka sokoni. Samaki wakiadimika, wanunuzi huwazidi samaki. Hapo ndipo ulipopata nguvu mtindo uitwao jaboya, ambapo mwanamke huingia katika uhusiano wa kimapenzi na mvuvi ili awe na hakika ya kuuziwa. Mvuvi naye huhama akifuata samaki, leo Remba, kesho Mfangano au Muhuru Bay, na kila anakotua ana uhusiano mwingine. Mama anayetegemea biashara hiyo huzijua hatari za ukimwi vizuri, lakini njaa ya wanawe ni ya jioni hii, na ugonjwa ni wa miaka ijayo. Mahubiri hayamwondolei shida hiyo. Akipata mtaji, au akimiliki mashua pamoja na wenzake, anaweza kukataa.

Ya pili ni mila. Kenya ilitambua mgonjwa wake wa kwanza wa ukimwi mwaka 1984, na katika miaka iliyofuata familia nyingi za Waluo wa kando ya ziwa ziliona dalili walizozijua: mtu anakonda, anadhoofika, dawa hazimsaidii. Hali hiyo ilikuwa na jina tayari, chira, maradhi yanayompata aliyevunja mwiko wa ukoo. Tiba ya chira ilikuwa kurekebisha mwiko, kwa hiyo wengi walichelewa kufika hospitalini. Tero, yaani kurithiwa kwa wajane, nayo ilikuwa na nia njema: mjane na mayatima wasikose mlezi wala ardhi. Lakini ilidai tendo la ndoa, na mume alipokuwa amekufa kwa ukimwi, wajibu wa kutunza uligeuka njia ya kuambukiza. Mila hiyo ilipata nguvu kwa sababu ilibeba haki ya mjane kuendelea kuishi katika boma lake. Mjane ambaye haki yake ya ardhi inalindwa na sheria na wazee ana nafasi ya kukataa tendo hilo bila kupoteza makao.

Mila inaweza pia kuwa mlango wa tiba. Kwa asili Waluo hawakuwatahiri wavulana. Alama yao ya kuingia utu uzima ilikuwa kung'olewa meno sita ya chini. Majaribio yaliyofanyika Kisumu, Rakai nchini Uganda na Orange Farm nchini Afrika Kusini yalionyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa kwa takriban asilimia 60. Serikali ilipoanza mpango wa tohara ya hiari mwaka 2008, suala hilo lilijadiliwa na wazee wa Waluo, na viongozi kama Raila Odinga waliunga mkono hadharani. Tohara ilielezwa kuwa kinga ya kitabibu, bila kumtaka mtu aache kuwa Mluo, na vijana wengi wakajitokeza.

Si kila mila inastahili kubembelezwa. Upande wa Kuria, kaunti ya Migori, ukeketaji wa wasichana hauna faida yoyote ya kiafya na umepigwa marufuku na sheria ya mwaka 2011. Hata hivyo haujakoma, kwa kuwa heshima ya msichana na nafasi yake ya kuolewa bado hupimwa kwa kisu. Sheria inahitaji wazazi, wazee na walimu wa kumhakikishia msichana kwamba heshima yake haitapungua.

Ya tatu ni imani kwa mtoa huduma. Kwa vizazi vingi wanawake walizalishwa na nyamrerwa, mkunga wa kijijini anayeaminika. Katika eneo la Rongo, shirika la Lwala lililoanzishwa mwaka 2007 liliwafundisha wakunga hao na kuwapa kazi ya kuwatembelea wajawazito na kuwafikisha kliniki. Huduma ilisogezwa karibu na watu pia Homa Bay, ambako shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kutoa dawa za kupunguza makali ya ukimwi katika hospitali ya umma mwaka 2001. Mwaka 2012 huko Ndhiwa, katika kaunti hiyo, karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi. Upimaji ulipofika majumbani na dawa zikafika zahanati za karibu, sehemu ya wenye virusi vilivyofubazwa ilipanda kutoka takriban asilimia 40 hadi zaidi ya asilimia 85 mwaka 2018.

Malaria inafundisha jambo hilohilo. Vyandarua vilivyogawiwa kando ya ziwa vimeonekana vikianikiwa omena, kwa kuwa anayepokea msaada huupima kwa mahitaji yake. Anayepanga kinga bila kuuliza familia inaishije hujipangia hasara.

Pesa pia ni sehemu ya jamii. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, kliniki za ukimwi zilizoitegemea zilitikisika, na waliobeba hofu ni wagonjwa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na tangu mwaka 2013 sehemu kubwa ya jukumu hilo iko mikononi mwa kaunti. Kulitimiza ni kununua dawa na kulipa wauguzi, na vilevile kumpa mwuza omena mtaji, kumlindia mjane shamba lake, na kumlipa kwa wakati mhudumu wa afya ya jamii anayetembea nyumba hadi nyumba. Matumizi hayo yote yanastahili kuhesabiwa katika bajeti ya afya, kwa kuwa yote huokoa maisha.