Wakati Ujao ni wa Nani?

Mwaka 1969 John Mbiti, padri wa Kianglikana na mwanafalsafa kutoka Ukambani, alichapisha kitabu kilichosaidia sana dini za jadi za Kiafrika zisomwe kwa heshima vyuoni. Ndani yake mna dai moja ambalo hadi leo halijaacha kubishaniwa: kwamba katika fikra za jadi za Mwafrika kuna zamani ndefu na kuna sasa, lakini wakati ujao karibu haupo. Ushahidi wake aliuchota nyumbani. Alichunguza vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, akasema havina njia ya kutaja jambo lililo mbele zaidi ya miaka miwili hivi. Jambo ambalo halijatokea, halina dalili ya kutokea karibuni, wala halimo katika mzunguko wa asili kama mvua na mavuno, kwa maoni yake halina wakati. Ikiwa alisema kweli, basi hadithi za kubuni za kisayansi, zenye karne zijazo na mashine zinazofikiri, ni ndoto za watu wengine, na anayeziandika kwa Kiswahili anazikariri tu. Nadhani Mbiti alipima kwa kipimo kisichofaa. Wakati ujao wa watu haukai katika sarufi yao. Unakaa katika wajibu wao: anayekiri kuwa ana deni kwa watu ambao hatawaona kamwe, huyo ana kesho ya mbali, hata kama vitenzi vyake ni vifupi.

Chukua wakfu wa pwani ya Afrika Mashariki. Mtu mwenye shamba la minazi analiweka wakfu: mapato yawe ya watoto wake, kisha ya watoto wao, kizazi baada ya kizazi, na siku kizazi kikikatika yaende msikitini au kwa maskini. Shamba haliuzwi wala halirithiwi tena. Mwenye kuandikisha sharti hilo amefikiria siku ambayo ukoo wake wote utakuwa umetoweka, na ameamua minazi ile imtumikie nani siku hiyo. Sijui kesho iliyo mbali kuliko hiyo. Mtu anaweza kujibu kwamba wakfu ni sheria ya Kiislamu, na Mbiti alizungumzia jadi iliyotangulia Uislamu na Ukristo. Lakini Uislamu una karne nyingi katika pwani hii, na ni kutoka Kiswahili, lugha ya watu wa pwani hiyo hiyo, kwamba Mbiti aliazima maneno mawili, sasa na zamani, akayafanya nguzo za nadharia yake kuhusu Waafrika wote. Mghana Kwame Gyekye naye alimpinga mwaka 1987 kwa ushahidi wa Waakan. Na huko huko Ukambani husimuliwa habari za Syokimau, nabii mwanamke aliyeona nyoka mrefu akikata nchi kabla ya reli kujengwa. Huenda masimulizi hayo yalinyooshwa baada ya reli kufika. Hata hivyo, jamii isiyo na nafasi ya wakati ujao katika fikra zake isingemheshimu mtu kwa sababu ya kuuona.

Pingamizi la pili dhidi ya hadithi za aina hii ni la kidini, na mimi naliona zito kuliko lile la Mbiti. Mcha Mungu atasema kesho ni ghaibu, elimu yake iko kwa Mola peke yake, na kuketi kubuni karne zijazo ni kuingilia yasiyotuhusu. Sehemu ya kwanza ya hoja hii ni kweli tupu. Kosa liko katika hitimisho. Mwenye kusema inshallah hajaacha kukusudia. Amekusudia, kisha amekiri kwamba matokeo hayamo mkononi mwake. Katika kisa cha Nabii Yusuf, kilicho katika Kurani na katika Biblia pia, habari za miaka saba ya neema na saba ya njaa hazikutolewa ili watu wakae wakisubiri. Zilileta kazi ya kuweka akiba ya nafaka. Mwandishi wa hadithi hizi hata ufunuo hadai. Mtabiri husema itakuwa; yeye huuliza, ikiwa hivi, tutaishije, na nani ataumia? Swali hilo haligusi ghaibu. Linagusa dhamiri, na dhamiri tumeamriwa kuitumia.

Kwamba kuuliza hivyo kuna uzito, historia ya bomu la atomu inaonyesha. Mwaka 1914 Mwingereza H. G. Wells alichapisha riwaya yenye mabomu ya atomu yanayoteketeza miji. Mwanafizikia Leo Szilard aliisoma mwaka 1932, na mwaka uliofuata, akiwa London, akapata wazo la jinsi mmenyuko wa mfululizo katika viini vya atomu ungeweza kutoa nguvu ya atomu. Hataza ya wazo hilo aliikabidhi kwa Jeshi la Majini la Uingereza ili ibaki siri, na alieleza kwamba alijua maana yake kwa sababu alikuwa amemsoma Wells. Riwaya haikulizuia bomu, na sidai kwamba ilikuwa na uwezo huo. Ilimpa mtu mmoja hofu mapema, kabla kitu chenyewe hakijakuwapo. Sasa itazame habari hiyo hiyo kutoka upande wa pili. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa Marekani wa bomu hilo ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya migodini. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa kampuni ya Union Minière alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe yale hadi New York, yakawekwa ghalani Staten Island. Mwaka 1945 Hiroshima ikaungua. Szilard alikuwa na kitabu cha kumwogopesha. Mchimbaji wa Katanga, aliyeyashika mawe yenyewe kwa mikono yake, hakuambiwa lolote. Leo sehemu kubwa ya kobalti ya betri za dunia inatoka nchi hiyo hiyo, na wanaoichimba Kolwezi bado hawamo miongoni mwa wanaoulizwa magari ya kesho yawe ya namna gani.

Kwa hiyo wanaosema hadithi hizi ni anasa kwa watu wasio na maji ya bomba wamegeuza mambo. Mwandishi Mkenya Katama Mkangi aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa katika miaka ya 1980. Mwaka 1995 akatoa *Walenisi*, riwaya ambamo mtu aliyehukumiwa kifo anatiwa ndani ya chombo cha angani, anajifunza kukiendesha, na kutua kwenye jamii yenye haki. Hiyo haikuwa anasa kwake.

Na yapo maswali ambayo wengine hawatatuulizia. Mbiti mwenyewe alieleza kwamba marehemu hubaki katika hali ya wafu walio hai maadamu yupo duniani mtu aliyemjua na kumtaja kwa jina. Wa mwisho aliyemjua akifa, marehemu huzama katika zamani ya pamoja. Sasa zipo programu zinazoiga sauti na maneno ya aliyekufa kutokana na ujumbe aliouacha. Mashine haifi, wala haisahau jina. Je, marehemu wa namna hiyo atakuwa amezuiwa kuondoka? Vitukuu wasiomjua watakuwa na wajibu gani kwake, na nani mwenye haki ya kuizima sauti hiyo: mtoto wa kwanza, kikao cha ukoo, au kampuni inayotoza ada kila mwezi? California wataliuliza swali hili kama suala la mali na faragha. Sisi tunalo ndani yake suala la safari ya mfu, na riwaya ya Kiswahili inayolichukua kwa uzito huo bado inasubiri mwandishi wake.