Jengo Lililobaki Vichwani
Jengo la chuo hubomoka mara mbili: kwanza kwa moto au tingatinga, kisha kwa ukimya wa waliosoma humo. Usiku wa kuamkia Septemba 20, 2020, moto uliteketeza Jengo Kuu la Makerere, lililosimama tangu 1941, katika chuo walichosoma Nyerere na Kibaki. Limejengwa upya, na mwaka 2024 likafunguliwa. Lakini hakuna fundi awezaye kurudisha foleni za usajili, majina ya utani ya wahadhiri, wala mapenzi yaliyochipukia kwenye ngazi zile. Hayo wanayo waliopita humo, na wengi wao sasa ni wazee. Kama nawe ulisoma chuo ambacho majengo yake hayapo tena, mwite mjukuu leo, umsimulie, naye aandike.